Aliyezaa tisa na aliyezaa wawili, tumbo moja: mbona homoni zao hazifanani baada ya kukoma hedhi?

#1 Laborantini_Ibanda
Jambo wandugu. Nafanya kazi laboratwari hapa Bukavu, upande wa Ibanda. Walikuja kwetu dada wawili, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa ana miaka 58, amezaa tisa, kila mtoto kamnyonyesha karibu miaka miwili, na maisha yake yote amebeba vikapu vya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka ufukoni Muhanzi kupanda hadi soko la Kadutu. Mwembamba, mishipa ya mkono inajionyesha yenyewe, sikuhitaji hata kufunga garo, ile kamba ya mkono. Mdogo wake ana 56, kazaa wawili, ana duka la vitenge, anakaa kitini toka asubuhi, mwili mkubwa. Wote wawili hawajaona mwezi kwa zaidi ya miaka 5. Mdogo ndiye aliyetumwa na daktari. Mkubwa alimsindikiza tu, akasema na yeye apimwe, ajue.

Estradioli, ile homoni ya kike ya kundi la estrojeni, ya mdogo ikatoka pikogramu 27 kwa mililita. Ya mkubwa mashine iliandika "chini ya 10", maana yake haikuifikia. Nikarudia, ikawa vile vile. Yule mama akanitazama machoni akaniuliza: "Watoto tisa ndio wamenimalizia hiyo kitu?"

Nilikosa la kumjibu. Kazi yangu ni kupima, lakini swali lake nimelala nalo. Je, ni kuzaa, ni kunyonyesha, ni kikapu, ni chakula, au ni nini?

#2 BintiKadutu
Ni kuzaa, hakuna cha kutafuta. Koko wangu, bibi yangu, alikuwa akisema kila mtoto anatoka na kitu chake mwilini mwa mama, na jino moja juu. Mama yangu amezaa nane. Alikoma mapema kuliko majirani wote wa rika lake na ngozi ikakauka mara moja. Mwili ni kama mtungi, ukichota kila siku utaona chini.

#3 Muganga_wa_Kesho
Dada #2, mfano wa mtungi ni mzuri ila haukai hapa. Niko mwaka wa mwisho wa udaktari, nieleze nilivyofundishwa.

Kabla ya kukoma, estradioli nyingi inatoka kwenye ovari. Baada ya kukoma, ovari zinaacha kazi hiyo karibu yote. Kinachobaki kinatengenezwa kwingine. Tezi zilizo juu ya figo zinatoa homoni ya upande wa kiume iitwayo androstenedioni, na mafuta ya mwili, kwa kimeng'enya kiitwacho aromatesi, yanaigeuza kuwa estroni, ambayo ni estrojeni dhaifu. Sehemu ya estroni inageuka tena kuwa estradioli. Kwa hiyo mama akishapita umri huo, kiwanda chake kikubwa cha estrojeni ni mafuta. Mwenye mafuta mengi anatengeneza nyingi, mwembamba kidogo. Halafu unene unashusha protini inayozifunga homoni kwenye damu, kwa hiyo hata zile zinazozunguka huru zinaongezeka.

Hao dada wawili mimi naona ni suala la kilo, si la idadi ya watoto.

#4 BintiKadutu
Yaani mafuta ya kiuno ndiyo ovari ya pili? Daktari wetu wa kesho, hiyo nenda kaieleze pale sokoni mbele ya wamama wenyewe, urudi utuambie walikujibu nini 😄

#5 Mkunga_Bagira
Nimezalisha kwa miaka 31, sasa nimepumzika. Nimsaidie kijana.

Mtoto wa kike anazaliwa na mayai kama milioni moja hadi mbili. Akifika kuvunja ungo yamebaki laki chache. Katika maisha yake yote yale yanayopevuka na kutoka hayazidi mia nne, mia tano. Mengine yote yanakufa yenyewe, iwe umezaa, iwe hujazaa, iwe uko mtawa. Kwa hiyo kuzaa hakumalizi mayai. Utafiti umeonyesha kinyume cha alichosema koko wa #2: wanawake ambao hawakuzaa kabisa, na wale walioanza kuona mwezi wakiwa na miaka 11 au chini, ndio wenye hatari kubwa zaidi ya kukoma mapema.

Ila binti, hilo la jino usilidharau wala usiliamini lote. Wanawake wengi niliowazalisha walikuwa na mimba juu ya mimba huku wanakula bugali na sombe (majani ya muhogo) bila hata sambaza moja. Meno yao yaliharibika kweli. Kilichowaharibu ni mimba bila chakula. Mimba peke yake nisingeilaumu.

#6 MzeeRuzizi
Aksanti mama mkunga. Mimi ni mwanaume lakini nimeishi na mke miaka 33, nimeona. Tatizo mnalizunguka. Ni planning, dawa za kupanga uzazi! Sindano za miezi mitatu na vijiti vya mkononi. Mke wangu alichoma sindano miaka sita. Alipoacha alikaa karibu mwaka bila kuona mwezi. Leo amekoma, moto unampanda usiku mpaka anatoka nje kukaa kwenye ngazi. Hizo homoni za kigeni zimezima zake.

#7 Mkunga_Bagira
Mzee Ruzizi, pole kwa mama. Kuchelewa kurudi kwa mwezi baada ya sindano ni kweli, miezi kadhaa hadi mwaka, tunawaambia hivyo kabla ya kuwachoma. Lakini dawa ile inatoka mwilini. Mwanamke aliyeiacha akiwa na 38, huwezi kuikuta kwenye damu yake akiwa na 55. Moto unaompanda usiku unawapanda hata masista ambao hawajawahi kuona sindano hiyo. Nimewahudumia.

#8 MzeeRuzizi
Nimesikia. Bado nina shaka, lakini nimesikia.

#9 Mama_Katuba
Jambo ba Bukavu. Miye niko Lubumbashi. Niko na miaka 54, watoto batano, na mwili njo huu Mungu alinipa, kilo 96. Sasa muniambie. Kama mafuta inatengeneza homoni, mimi ningepashwa kuwa nazo mingi, sivyo? Mbona joto inaniuwa? Usiku nabadilisha kitenge mara mbili. Ya kwanza naikamua kabisa, maji inatoka, naitundika ku dirisha, nachukua ingine. Dada yangu mwembamba kama muti wa kiberiti, analala fofofo. Muganga wa Kesho, hapo utasema nini?

#10 Muganga_wa_Kesho
Mama, swali lako ndilo gumu kuliko yote humu. Joto lile halitokani na kiasi cha homoni peke yake. Kuna sehemu ya ubongo inayolinda joto la mwili. Estrojeni ikishuka, sehemu hiyo inakuwa nyepesi kushtuka: joto likipanda kidogo tu inaamua umezidi, inafungua mishipa ya ngozi, inatoa jasho. Kuna wanaosema mafuta yanazuia joto kutoka, kama blanketi usilovua, kwa hiyo mwenye mwili anashtuka mara nyingi zaidi, hasa miaka ya mwanzo. Wengine wanasema kinachoumiza ni kushuka kwenyewe, ulikotoka na ulikofika, na si pale ulipo sasa. Maelezo yote mawili yana wataalamu nyuma yake. Na mtu mwembamba naye anaweza kuteseka sana, nimewaona.

#11 BintiKadutu
Mama Katuba, punguza bukari usiku 😄 Huku tunaiita bugali na inatuacha tulale.

#12 Mama_Katuba
Binti, bukari yetu ni ya mahindi, ile yenu ya muhogo njo inawapandisha milima bila kuchoka. Usiniguse 😄

#13 DadaGoma_Himbi
Nimesoma toka juu. Hakuna aliyegusa pombe. Mimi nimekoma nikiwa na 47. Tangu tulipokimbia na kurudi, kila jioni nakunywa chupa kubwa moja ya bia, siku nyingine mbili, ndipo usingizi unakuja. Nauliza kwa moyo wote: hiyo inagusa homoni?

#14 Muganga_wa_Kesho
Dada, pole kwa yaliyowapata, na aksanti kwa kusema wazi.

Inagusa. Mwaka 2011 walikusanya tafiti 13 za wanawake waliokoma hedhi, karibu 6,000, wakapima homoni zao. Waliokunywa gramu 20 za alkoholi au zaidi kwa siku walikuwa na estrojeni na homoni za kiume juu kuliko wasiokunywa. Sasa tupige hesabu ya chupa yako. Sentilita 72 yenye asilimia 5 ni mililita 36 za alkoholi tupu. Mililita moja ina uzito wa gramu 0.79 hivi, kwa hiyo chupa moja ni gramu 28. Umeshapita mstari kabla ya kufungua ya pili.

Kwa nini tunajali? Kwa sababu katika tafiti kama hizo, wanawake wenye homoni za juu kabisa baada ya kukoma wanapata saratani ya matiti karibu mara mbili ya wenye za chini kabisa. Sikuambii uache leo usiku. Nakuambia ongea na mtu kuhusu usingizi, kwa maana chupa imekuja kwa ajili ya usingizi.

#15 MzeeRuzizi
Na kasiksi, pombe yetu ya ndizi?

#16 Muganga_wa_Kesho
Kasiksi kila mtungi na nguvu yake, mzee, siwezi kukupigia hesabu. Tumbaku nayo imo humo humo: waliovuta sigara 15 au zaidi kwa siku walikuwa na homoni juu. Cha ajabu ni kwamba uvutaji huo huo unaleta ukomo mapema, mwaka mmoja hadi miwili. Unafunga ovari mapema kisha damu inabaki na homoni juu. Mimi mwenyewe sijaelewa njia yake vizuri.

#17 Laborantini_Ibanda
Ngoja, hizo tafiti 13. Zilisema nini kuhusu kuzaa? Ndilo swali la yule mama.

#18 Muganga_wa_Kesho
Zilisema idadi ya watoto, umri wa kuzaa mtoto wa kwanza na umri wa kuvunja ungo havina uhusiano mkubwa na homoni baada ya kukoma. Unene ndio ulijitokeza kwa nguvu. Na wale waliotolewa ovari zote mbili walikuwa chini, maana hata ovari iliyozeeka bado inatoa homoni za kiume kidogo.

#19 BintiKadutu
Wanawake hao ni wa wapi? Wengi ni wa Marekani na Ulaya, si ndiyo? Huko mama akizaa watatu wanasema ni familia kubwa. Mniletee wanawake waliozaa tisa na kunyonyesha miaka kumi na saba jumla, wenye vikapu vya kilo 40 kichwani, ndipo mniambie kuzaa hakuna neno. Huwezi kupima mto Ruzizi kwa kwenda kutazama bomba la jikoni.

#20 Mkunga_Bagira
Hapo binti ana haki, na nafurahi amesema.

Niongeze kitu: homoni si estrojeni tu. Ile ya maziwa, prolaktini, inashuka baada ya mwanamke kuzaa na kubaki chini kwa miaka mingi kuliko kwa asiyezaa. Kwa hiyo kuzaa kunaacha alama, ila labda si kwenye ile karatasi ya estradioli. Kunyonyesha nako: mwaka 2002 walijumlisha tafiti 47 kutoka nchi 30, wakaona kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3, juu ya asilimia 7 kwa kila mtoto. Yule mama wa sambaza amejikinga sana bila kujua. Mwambieni hilo, lipo la kumfurahisha.

#21 KijanaKahuzi
Mimi nina shaka na kipimo chenyewe. Nimesoma biolojia. Mashine nyingi za kawaida zilitengenezwa kupima estradioli ya wanawake wanaoona mwezi, mamia ya pikogramu. Huku chini kwa waliokoma zinababaika. 27 inaweza kuwa 18, na "chini ya 10" inaweza kuwa 8 au 3. Kupima vizuri kiasi kidogo hivyo kunataka mashine ya kupima uzito wa molekuli. Msijenge nyumba juu ya tarakimu mbili.

#22 Laborantini_Ibanda
Ni kweli, Kijana, nami nakubali. Karatasi ya kampuni ya vitendanishi inasema hivyo hivyo. Lakini nilirudia mara mbili, na tofauti ilibaki. Kiasi sina uhakika nacho. Mpangilio, nani yuko juu na nani chini, huo nauamini.

#23 DadaGoma_Himbi
Na masoso, ule unga wenye soya? Dada yangu kasikia soya ina estrojeni, sasa anapika uji wa masoso asubuhi na jioni ili ujana urudi.

#24 KijanaKahuzi
Soya ina vitu vinavyofanana kidogo na estrojeni, vinashika dhaifu kwenye milango ile ile ya seli. Si estradioli, na kuila hakupandishi estradioli ya damu kwa kiasi cha maana. Uji wa masoso ni mzuri kwa protini. Aunywe kwa sababu hiyo.

#25 MzeeRuzizi
Niwape kisa. Shemeji yangu ni wa kisiwa cha Idjwi. Alikuwa na 50, joto, moyo kwenda mbio, kukonda, mikono inatetemeka. Kituo kimoja cha afya, sikitaji, wakamwambia ni uzee wa kike, arudi nyumbani. Akarudi miezi minane. Mwisho daktari mwingine akamgusa shingo tu: tezi. Alipopewa dawa joto likaisha.

#26 Mkunga_Bagira
Mzee, kisa hicho ni cha thamani kuliko nusu ya uzi huu. Idjwi inajulikana kwa uvimbe wa shingo tangu zamani, wataalamu walikwenda kuupima miaka ya 1960. Iodini ilikuwa haba, na muhogo usiolowekwa vizuri unazidisha. Homoni za tezi ya shingo zikivurugika, mwanamke wa miaka 50 ataonekana kama anakoma hedhi tu. Gusa shingo kwanza. Haigharimu kitu.

#27 Mama_Katuba
Miye nimegusa sasa hivi. Hakuna kitu. Aksanti Yesu.

#28 BintiKadutu
Na njaa je? Mnasahau njaa. Mama yangu alikuwa mtoto mdogo wakati wa kukimbia msituni, walikula mizizi.

#29 Muganga_wa_Kesho
Hilo lina ushahidi. Uholanzi walikuwa na njaa kali ya vita, 1944 hadi 1945. Wanawake walioipitia wakiwa watoto wadogo walikuja kukoma hedhi mapema kuliko wenzao. Kwa hiyo dada, huenda mama yako alikoma mapema kwa kile alichokosa kabla hajazaa hata mmoja. Wale wanane huenda hawahusiki.

#30 BintiKadutu
Sikuwahi kufikiri hivyo. Nitamuuliza alikuwa na miaka mingapi.

#31 Mkunga_Bagira
Laborantini, nimekaa na swali tangu asubuhi. Ulisema mdogo alitumwa na daktari. Kwa nini alitumwa?

#32 Laborantini_Ibanda
Aliona damu. Kidogo, mara mbili, baada ya miaka sita bila kuona. Alidhani ujana umerudi, akacheka aliponiambia.

#33 Mkunga_Bagira
Basi tuache mengine yote. Damu baada ya mwaka mzima wa kukoma si mwezi. Mafuta yakitengeneza estrojeni miaka na miaka bila homoni ya pili ya kuituliza, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unaendelea kujenga, unanenepa, na mwisho unaweza kugeuka saratani. Si lazima iwe hivyo, mara nyingi ni jambo dogo, lakini anatakiwa apigwe ekografia, ile picha ya ndani ya tumbo, na, ikibidi, wachukue kipande wakakitazame. Asingoje atoke damu mara ya tatu. Nimewahi kungoja na mgonjwa mmoja kwa sababu naye alikuwa anacheka. Sitasema zaidi.

#34 Mama_Katuba
Mama mkunga, umenitia baridi mu mwili. Miye sijaona damu, ila dada, tafazali umpeleke.

#35 Laborantini_Ibanda
Nimepiga simu kwa daktari wake leo mchana. Ekografia ni Alhamisi.

Halafu jioni nikapitia Kadutu, nikamkuta mkubwa na kikapu chake. Nikamweleza yote, mafuta, tafiti 13, maziwa na ile asilimia 4.3 kwa kila mwaka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akapima sambaza kwa kikopo, akaongeza kiganja juu kama nyongeza, akafunga mfuko. Kisha akauliza: "Basi kama si watoto, ni kikapu?"

#36 Muganga_wa_Kesho
Kwa sehemu, ndiyo. Kuna jaribio la mwaka 2004, wanawake 173 wanene waliokoma hedhi, nusu walifanyishwa mazoezi mwaka mzima. Estrojeni ilishuka kwa wale waliopoteza mafuta. Waliofanya mazoezi bila kupungua haikushuka hivyo. Kikapu kimemuweka mwembamba, na wembamba umeshusha homoni.

#37 KijanaKahuzi
Lakini kushuka sana nako si zawadi. Mwaka 1998 Marekani walifuata wanawake wa miaka 65 na zaidi. Wale ambao estradioli yao ilikuwa chini ya 5 walivunjika nyonga mara mbili na nusu kuliko wengine. Huyo mama huenda yuko upande huo.

#38 BintiKadutu
Ila mifupa iliyobeba mzigo miaka 40 ni migumu kuliko ya mtu wa kitini. Hao wa Marekani hawakupanda Kadutu na kilo 40.

#39 Mkunga_Bagira
Inawezekana, binti. Kubeba kunajenga mfupa, ukosefu wa estrojeni unaula. Kipi kimeshinda mwilini mwake siwezi kujua kwa macho. Aendelee kula sambaza nzima na mifupa yake, na asianguke kwenye zile ngazi wakati wa mvua.

#40 Laborantini_Ibanda
Nitamwambia Alhamisi. Yeye ndiye atakayemsindikiza mdogo wake ekografia, amesema siku hiyo hauzi.